Vifuko Visivyofanana

"Seti haivunjwi, dada yangu. Nimeshasema."

Mwenye duka la mabegi alishika kiuno, na mwanamke wa umbo kubwa kama lile akishika kiuno ujue mjadala ameufunga na ufunguo kautia kifuani. Lakini Bi Miwani hakuwa mtu wa kufungiwa mijadala. Kazi yake ilikuwa kuuza miwani, na tangu asubuhi hadi jioni alishinda akibishana na watu wanaoapa macho yao hayana kasoro huku wakisoma ubao wa herufi kwa kubahatisha. Mtu wa kazi hiyo humtishi kwa kiuno.

"Sivunji kwa ubaya," alisema. "Nipe kifuko kimoja hapa, kimoja pale, na hicho chenye wavu. Basi."

"Na vitakavyobaki nimuuzie nani? Nani atanunua seti yenye pengo kama kinywa cha bibi yangu?"

Kijana aliyesimama nao aliangua kicheko kikubwa, mpaka midomo ya mwenye duka nayo ikaanza kucheza.

Huyo ndiye mpenzi wa Bi Miwani. Mrefu, shati limenyooshwa, fimbo nyeupe imekunjwa na kuchomekwa mfuko wa nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mashuleni na mahotelini walimwita Fundi Piano, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufungua vinanda vikubwa vilivyochoka na kuzirudisha nyuzi zake kwenye sauti. Hakuwahi kuona tangu azaliwe, na wala hakuwa na habari ya kulilia kitu asichokijua.

Walivyokutana, jamani, Bi Miwani alikuwa hawezi kusimulia bila kufunika uso. Fundi alikuwa amemleta shangazi yake dukani kupimwa macho. Bi Miwani, kichwa kiko kwenye karatasi zake, akaropoka: "Na wewe kaka, hutaki kujaribu fremu?" Naye akajibu kwa upole, "Mimi dada ndiye mteja utakayemkosa maisha yako yote." Alitamani ardhi ipasuke aingie. Kijana akacheka, shangazi akacheka, na mwishowe yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi. Wiki iliyofuata Fundi akarudi bila shangazi, akasema amekuja kununua kisanduku cha miwani.

"Cha kuwekea nini?" aliuliza Bi Miwani.

"Cha kuwekea sababu ya kuja," alisema Fundi, na tangu hapo hawakuachana.

Sasa alikuwa anaondoka. Karakana moja ya mbali, inayotengeneza piano kuanzia mbao mpaka nyuzi, ilikuwa imemchukua kwenda kujifunza kwa mwaka mzima. Angekaa bwenini na watu asiowajua. Nyumbani kila kitu chake kilikuwa na pahala pake, mkono ukienda unakikuta. Lakini ndani ya sanduku la safari nguo huchanganyika kama sokoni, na Fundi hakutaka kuanza kila siku ya ugenini kwa kumwomba mtu amtafutie soksi. Ndiyo maana walikuwa pale, wanatafuta vifuko vya kupangia nguo, vya bei ya mtu wa kawaida.

Shida ni kwamba vifuko vyote vya duka lile viliuzwa kwa seti, na katika seti vyote vilikuwa ndugu pacha: ukubwa mmoja, kitambaa kimoja, tofauti ni rangi.

"Chekundu mashati, cha bluu suruali," alieleza mwenye duka, amejaa fahari ya bidhaa yake. "Huwezi kupotea!"

"Rangi kwangu ni habari za mtaa wa pili," alisema Fundi. "Nazisikia tu."

Mwenye duka alimtazama, akaitazama fimbo mfukoni, mkono ukamtoka kiunoni wenyewe. "Ah, shemeji yangu," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Mbona hamkusema mapema? Njooni huku nyuma. Kuna mayatima wangu."

Mayatima walikuwa ndani ya katoni chini ya ngazi. Vilikuwa vifuko vilivyobaki kwenye seti zilizochanika njiani, zilizoibiwa kimoja, au zilizorudishwa na wateja wenye nongwa. Kila kimoja na sura yake. Hakuna aliyevitaka kwa sababu havikufanana, na bei yake ilikuwa imeshuka mpaka mwenye duka aliona aibu kuitaja kwa sauti.

Fundi alipiga magoti, akazamisha mikono yote miwili. Bi Miwani akapiga magoti kando yake.

"Hiki kina wavu juu," alisema Fundi. "Nguo za ndani."

"Sema polepole, mwenye duka anasikia."

"Kwani yeye havai?" Akatoa kingine. "Hiki kama turubai. Suruali. Hiki kinateleza kama koti la mvua, mashati. Na hiki... hiki ni nini?"

"Kama taulo."

"Soksi! Miguu itafurahi." Alikuwa akijaribu kila zipu karibu na sikio lake, anaivuta taratibu, zilizokwama anazirudisha, zilizoteremka vizuri anampa Bi Miwani azishike. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepewa zawadi, na zawadi yenyewe vitu vilivyotupwa chini ya ngazi. Bi Miwani alimtazama akasahau kupumua. Alimpenda kwa namna ile ile iliyomtisha siku ya kwanza, mapenzi yanayoanza na kucheka, na kabla hujajua umekwisha.

Ndani ya katoni mikono yao ikakutana. Hakuna aliyeuondoa wake.

"Asante," alisema Fundi.

"Ya nini? Hata sijalipa."

"Hukusema tuchukue seti nzuri kama watu. Wengine wangesema." Kisha sauti ikateremka. "Mama amesemaje?"

Bi Miwani akanyamaza.

"Kimya chako hicho nakijua," alisema Fundi. "Hajakubali."

Hajakubali, ndiyo. Shangazi yake Fundi alikuwa ameomba kuja kuzungumza, kuileta posa kama inavyoletwa, na mama yake Bi Miwani amekataa kata kata kumpokea. Na hakukataa kwa dharau. Mama huyu alimuuguza mumewe kitandani miaka mingi, akimlisha, akimgeuza, akimsomea hata maandishi ya chupa ya dawa, mpaka siku alipomzika. Usingizi wake ulikatikia hapo. "Mimi niliolewa na mume, nikamalizia na kazi," alimwambia bintiye. "Wewe unataka kuanza na kazi. Nikiwa hai sitakubali."

"Nisikilize," Fundi alisema. "Naondoka Ijumaa. Kama mpaka naondoka moyo wake haujalainika, sitakufunga. Mwaka mzima uwe katikati yangu na mama yako, unavutwa huku, unavutwa kule? Hapana. Nitakuacha huru."

"Nani kakuomba uhuru?"

"Mpenzi..."

"Nani kakuomba, nauliza! Nilikuja kununua vifuko, sikuja kununua uhuru." Na machozi yakamlengalenga, huku mwenye duka akijifanya anahesabu mikanda ya mabegi aliyokwisha kuihesabu.

*

Ijumaa ikafika kama zinavyofika siku usizozitaka, upesi.

Kwa kuwa nyumba ya kina Bi Miwani ilikuwa karibu zaidi na njia ya uwanja wa ndege, walikubaliana Fundi alete sanduku lake pale asubuhi, aende kumalizia kinanda cha shule ya jirani, kisha teksi imchukue hapo mchana. Mama hakupinga. Alisema tu, "Sanduku likae ukumbini, haliniombi chai." Bi Miwani akaenda kazini na moyo mzito, akaomba ruhusa, akarudi kabla ya wakati.

Kitu cha kwanza kuona, kabla hata hajafungua geti, kilikuwa kamba ya nguo. Juu ya kamba vilining'inia vifuko: cha wavu, cha turubai, cha kuteleza, cha taulo. Vyote. Vimefuliwa vikatakata, vinachuruzika maji.

Aliingia ndani mbio, viatu miguuni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye zulia, sanduku limefunguliwa mbele yake. Kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli kubwa, na mikono yake haikujua kustaafu. Mashati ya Fundi yalikuwa yamepigwa pasi upya, yamekunjwa sawasawa, kola imelala juu ya kola. Na yote yalikuwa yamo ndani ya vifuko vipya, vya bluu ya giza, vyenye mshono wa fedha. Vizuri kuliko vyote vilivyokuwa katika lile duka. Na vyote sawa. Umbo moja, kitambaa kimoja, zipu moja.

"Umerudi mapema," alisema mama, na kwa mara ya kwanza tangu jina la Fundi litajwe katika nyumba ile uso wake ulikuwa na kitu kinachokaribia tabasamu. "Njoo uone kazi."

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimepanga sanduku. Lilikuwa limepangwa?"

"Mama, vile vifuko tulivichagua! Vilikuwa vyake!"

"Vile matambara? Kimoja taulo, kimoja turubai, kimoja kama chandarua! Mtu anasafiri nchi za watu na vifuko vya kuokoteza? Nimekwenda mwenyewe dukani leo asubuhi, nimetoa akiba yangu. Vyake nimevifua, avihifadhi kwao."

"Haoni, Mama!" Sauti ya Bi Miwani ilipasuka. "Haoni! Atajuaje kipi ni kipi? Tulivichagua visifanane ili avijue kwa mkono. Sasa vyote ni kimoja, na vyake vimelowa chapa, na gari linakuja sasa hivi!"

Mama aliangalia vifuko vyake vya bluu, kimoja baada ya kingine, kama vile vimemgeuka. Mikono yake, iliyokunja maelfu ya shuka za watu, ililala mapajani bila kazi.

"Sikufikiri hivyo," alisema polepole. "Nilifikiri watu."

"Watu gani?"

"Wa huko. Atafungua sanduku mbele yao, waone vitu havilingani, waseme huyu hana kwao." Alimeza mate. "Mimi sijamkubali, unajua sijamkubali. Lakini mtu akitoka katika nyumba yangu kwenda safari, asitoke kama mtu asiye na kwao. Hilo tu."

Hasira yote ikamtoka Bi Miwani kama maji kwenye beseni lililotobolewa. Alikaa chini kwenye zulia kumkabili mama yake. Kumbe mama yake, na ukaidi wake wote, alikuwa ametoka asubuhi na mapema kumnunulia kwao mtu aliyemkataa.

Hapo ndipo waliposikia fimbo ikigonga kizingiti.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu mama kwa sauti ndogo.

"Kinanda kimekubali kuimba. Kilikuwa na kiota cha panya ndani, fikirini!" Fundi aliingia, akavua viatu, akavisogeza kwa mguu mpaka ukutani, akafuata ukuta mpaka kwenye zulia. "Kuna nini? Nyumba imepoa."

Akachuchumaa, akanyoosha mkono kwenye sanduku lake. Bi Miwani alitazama vidole vile alivyovipenda vikipita juu ya kifuko cha kwanza. Cha pili. Vikarudi cha kwanza. Cha tatu. Vikasimama. Kisha akafungua zipu moja, akagusa shati, akafuata mkunjo wake kutoka kola hadi pindo, taratibu, mara mbili.

"Nani kapiga pasi?" aliuliza.

"Mimi," alisema mama. "Na mimi ndiye niliyeharibu. Mwenzio ameshaniambia. Nisamehe, baba."

"Mama, sijawahi kushika shati langu likiwa hivi." Alikuwa hatanii. "Shangazi yangu ananipenda, lakini pasi yake ni ya kumalizia. Hii ni pasi ya mtu anayeheshimu nguo. Asante sana."

"Usinipake mafuta. Vifuko vyote ni sawa."

"Ni sawa, kweli, na sitakuficha, hivi vilivyo sitaviweza." Alikaa vizuri sasa, miguu ameikunja kama mtu asiye na haraka ya ndege. "Lakini naomba nikuulize. Ulipokuwa hotelini, shuka za kitanda kidogo na za kitanda kikubwa, zikishakunjwa, si zinafanana?"

"Zinafanana mno."

"Ulikuwa unazijuaje? Ulikuwa unafungua kila moja?"

"Nifungue, nizivuruge? Thubutu!" Mama alikaribia kukasirika, kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza mgongo ulimnyooka. "Stoo yetu haikuwa na dirisha, na taa ikiungua inakaa wiki haijabadilishwa. Nikashona alama kwenye pembe. Kitanda kidogo, fundo moja la uzi. Kikubwa, mafundo mawili. Vitambaa vya meza, kifungo. Naingia gizani, napapasa pembe, natoka na shuka ninayoitaka. Wasichana wangu wote niliwafundisha hivyo."

"Basi Mama, mimi na wewe kazi moja," alisema Fundi. "Nishonee kama shuka."

Mama alimtazama. Halafu, masikini, aliruka kama msichana. Alikwenda chumbani, akarudi na bati la vifungo na sindano na uzi mnene, akaketi karibu na dirisha. Akalamba ncha ya uzi, akaielekeza kwenye tundu la sindano. Ikapita pembeni. Akajaribu tena, amekunja uso, ameisogeza sindano mbali, ameirudisha karibu. Bi Miwani alifungua mdomo na kuufunga. Mara ngapi amemwambia mama yake aje dukani apimwe, na mara ngapi ameambiwa macho haya yamekulea wewe, hayana kasoro!

"Nikutungie, Mama?" aliuliza Fundi.

"Wewe?"

"Nipe."

Akapewa. Alikiweka kichwa cha sindano kwenye ncha ya ulimi, akausogeza uzi kwa kidole, akatulia kidogo, akavuta kwa midomo. Uzi ulikuwa umepita. Akafunga fundo, akampa mama sindano, ncha ameielekeza upande wake mwenyewe ili mama asichomeke. Akaiomba sindano ya pili, akaitunga vilevile, akajichukulia kifungo kwenye bati na kuanza kukishona kwenye kifuko cha mashati, anapitisha uzi juu na chini bila papara.

Mama alisahau kushona.

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi. Alisema hatakaa na mtu mzima asiyeweza kujishonea kifungo. Alivunjika nyonga mwaka juzi, mimi ndiye niliyemuuguza mpaka akasimama. Kupika, kufua, dawa. Chupa za dawa nilizivika mipira, moja mpira mmoja, nyingine miwili. Sufuria niliunguza moja tu, naye hajaacha kuitaja mpaka leo."

Bi Miwani alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mama hakucheka.

"Nikuulize na mimi," alisema. "Mwanangu akiugua, nani atamwangalia?"

"Mimi, Mama."

"Wewe ukiugua?"

"Yeye. Sitasema uongo. Na yapo nisiyoyaweza hata nikiwa mzima. Gauni lake likichafuka nyuma sitamwambia. Gari sitamwendeshea. Barua itakayokuja atanisomea. Hayo atanisaidia, najua. Lakini hataishi ananibeba. Kama ningekuwa mtu wa kubebwa, ningekaa kwa shangazi, nisingemtafuta mke."

Sindano ya mama ikaingia, ikatoka. Fundo moja la nguo za ndani, mafundo mawili ya suruali. Nje maji ya vifuko yalikuwa yakidondoka kwenye saruji.

"Baba yake alikuwa na macho yote mawili," alisema mama mwishowe, na ilikuwa kama anazungumza na uzi. "Mazuri, makubwa. Huyu kayarithi. Na maisha yake yote hakujua vikombe vinakaa kabati gani. Hakuwa mgonjwa bado. Nilikuwa namsogezea kikombe kilichoko mbele yake." Alikata uzi kwa meno. "Nilimpenda, Mungu anajua. Lakini siku zote nilidhani nilichoka kwa sababu ya ugonjwa. Kumbe nilikuwa nimechoka zamani."

"Mama..." alinong'ona Bi Miwani.

"Niache niseme. Nimeshona tangu nina miaka kumi. Nimeshonea hoteli, nimeshonea baba yako, nimekushonea wewe sare za shule. Tangu macho yalipoanza kunichezea, nakaa hapa peke yangu na sindano nusu saa, nalia kwa hasira, sitaki mtu ajue. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza, nikutungie?" Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Asante, mwanangu. Basi, asante."

Fundi aliweka kifuko chini. Alinyoosha mkono taratibu, akaukuta mkono wa mama, akaushika kwa yote miwili, akainamisha kichwa juu yake. Bi Miwani aliona aibu kuwatazama na hakuweza kuacha kuwatazama.

*

Honi ya teksi ililia wakiwa wanafunga zipu ya mwisho.

Dereva, mtu mwenye haraka zake, alikimbia mlangoni, akaona fimbo, akamkamata Fundi mkono na kuanza kumkokota. "Twende mzee, pole pole, ngazi hiyo, ngazi!"

"We!" Mama alitoka nyuma yao kama mkuu wa zamu. "Hebu mwache! Gunia hilo? Mtu huyu hashikwi, anashika mwenyewe. Chukua sanduku, hiyo ndiyo kazi yako." Akaenda akasimama kando ya Fundi, akampa kiwiko chake, kama alivyomwona bintiye akifanya mara nyingi, akajifanya haoni. "Shika hapa, twende."

Wakatangulia wawili, mama mfupi na kijana mrefu, kuvuka ua. Bi Miwani alibaki nyuma mlangoni. Alikuwa amejiandaa wiki nzima kwa dakika hii. Alijua angemwambia nini, alijua angelilia wapi. Sasa dakika yenyewe ilikuwa imechukuliwa na mama yake, ambaye alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, bila kusimama, akitazama mbele. Hakusikia hata neno.

Aliona tu Fundi akisimama ghafla katikati ya ua. Aliona bega lake likitikisika. Kisha akageuka, akageuza uso wake wote upande aliokuwapo, na uso ule haukuwa wa mtu anayekwenda kumwachia mtu uhuru.

"Uko wapi?" aliita.

"Niko hapa."

"Njoo."

Akaenda. Alishikwa uso kwa mikono ile inayojua kurudisha nyuzi kwenye sauti, akapanguswa machozi na vidole gumba, mbele ya mama, mbele ya dereva, mbele ya jirani aliyekuwa amechungulia.

"Kuhusu lile nililokwambia dukani," alisema Fundi. "La kukuacha. Lifute."

"Nilishalifuta siku ile ile."

"Nakupenda. Nitakupigia nikifika. Na asante."

"Ya nini tena?"

"Nitakwambia mwaka mzima."

Gari likaondoka. Bi Miwani alisimama barabarani mpaka likakata kona, na alisimama hata baada ya hapo, maana miguu haikuwa na habari ya kurudi. Aliporudi ndani, alimkuta mama yake juu ya kiti ukumbini, mikono juu, anachomoa vibanio vya mapazia.

"Mama! Utaanguka! Unafanya nini?"

"Mapazia haya yamejaa vumbi, aibu tupu. Yanafuliwa leo, kesho napiga pasi. Na yale ya chumba cha wageni."

"Yana haraka gani?"

Mama alichomoa kibanio kingine, akakitia mdomoni, akazungumza kwa upande wa pili wa midomo bila kumtazama.

"Shangazi yake anakuja Jumapili. Nimemwambia kijana ampigie simu akiwa njiani, aje na wenzake, nitawapokea mimi mwenyewe. Unataka wakute mapazia haya?"

Bi Miwani alimkumbatia mama yake miguuni, kiti na vyote, akaweka shavu kwenye magoti yale yaliyochoka kwa kazi za watu, akalia kwa furaha kama mtoto.

"Asante, Mama. Asante. Asante."

"Haya, haya," alisema mama, na sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Lia, lakini shika kiti vizuri. Nikivunjika leo, nani atafunga ndoa bila mama?"